Jina la Uwase, Tumbo la Mizero

Swali la daktari bado linaning'inia hewani, msomaji, katika chumba kile cha dharura mjini Columbus, jimbo la Ohio, pale pale tulipoliacha Jumamosi iliyopita.

"Unasema kidole tumbo ndicho kinachokuuma. Lakini kompyuta inaonyesha ulikitoa Louisville, Desemba mwaka jana. Kinaumaje kitu ambacho hakimo?"

Daktari aliuliza kwa Kiingereza. Aliyeyaleta maneno hayo kwa Kiswahili alikuwa mkalimani wa simu, Mrundi kwa lafudhi yake, mmoja wa wale waliokulia kambi za Kigoma, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama cha redioni.

Uwase alikuwa amelala ubavu, magoti ameyakunja hadi kifuani, jasho linamtiririka. Alimtazama Mizero, akamtazama tena, kisha akageukia ukuta.

Kwa aliyeungana nasi leo: Mizero ni wifi yake, dada mdogo wa Kamanzi, na Kamanzi ndiye mume wa Uwase. Wote ni watu wa Minembwe, milima ya Kivu Kusini, Kongo. Kamanzi ni dereva wa lori, na asubuhi hiyo ya Oktoba 2015 alikuwa Lackawanna, karibu na Buffalo, akishusha mzigo. Alipoarifiwa kwamba mkewe ameanguka kazini, katika nyumba ya wazee anakohudumu kule Clintonville, alimpigia dada yake aliye Louisville, jimbo la Kentucky. Mizero aliacha zamu ya ghala katikati, akaendesha gari saa tatu na zaidi bila kusimama.

Njia nzima alimwomba Mungu yasiwe maumivu ya upande wa kulia. Alifika, akakuta ni upande wa kulia.

Sasa daktari alimgeukia yeye. Alisema mgonjwa hajibu, na wewe ni ndugu, tena unasema mliishi nyumba moja kule Shively, pembeni mwa Louisville. Je, huyu aliwahi kupasuliwa?

"Sijui," Mizero alisema.

Neno moja tu, tena kwa Kiingereza, ili Uwase asilielewe vizuri.

Daktari alifunua gauni la hospitali. Tumboni mwa Uwase, karibu na kitovu, palikuwa na alama ndogo tatu zilizofifia. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta, akasema haya ndiyo matundu ya kamera ya upasuaji. Zilikuwa alama za jambo jingine kabisa. Uwase alichanjwa kwa wembe na mganga akiwa na miaka saba, bandama lilipomvimba. Mizero alilijua hilo tangu walipokuwa wakioga mto mmoja. Alinyamaza.

Basi daktari akakata shauri. Damu inaonyesha maambukizo, huenda ni figo. Atawekewa dawa kwenye dripu, atapigwa picha ya kizazi chumba kikipatikana, na jioni pengine arudi nyumbani. Mkalimani alimtakia mgonjwa nafuu ya haraka, akakata simu. Daktari akaenda kwa wengine.

Mizero alibaki ameshika kitanda kwa mikono miwili.

Alijua kidole tumbo cha Uwase kimo. Alijua kwa sababu kilichotolewa Desemba kilikuwa chake mwenyewe.

Mambo yalikwenda hivi. Mwaka 2014 jimbo la Kentucky lilikuwa limempa Mizero kadi ya Medikeidi, ile bima ya serikali kwa watu wa kipato kidogo. Novemba ghala likafurika mizigo ya Krismasi, wakaombwa wafanye saa za ziada, naye akazifanya zote. Saa hizo zikampandisha juu ya kiwango cha kipato. Ikaja barua: kadi yako imekoma. Ghala lilikuwa na bima yake, lakini ni kwa walioajiriwa moja kwa moja. Mizero alikuwa ameletwa na wakala, na kila alipokaribia kumaliza siku tisini za kustahili kuajiriwa na ghala lenyewe, wakala alimwandikia mkataba mwingine, akaanza kuhesabu upya.

Wiki ya pili ya Desemba tumbo likamshika. Siku ya kwanza alikunywa maji ya tangawizi. Siku ya pili alitapika kwenye ndoo ya kufulia ili watoto wasisikie. Siku ya tatu, Kamanzi akiwa barabarani na Uwase akiwa kazini, alijikokota hadi jikoni, akavuta droo zinakokaa kadi za chanjo za watoto, akaitoa kadi ya wifi yake.

Hospitalini walimwuliza kitambulisho. Alisema amekisahau nyumbani. Walimwuliza tarehe ya kuzaliwa, na hilo halikumpa shida, maana yeye na Uwase, kama wakimbizi wengi, waliandikwa wote kuwa wamezaliwa Januari mosi. Mwaka tu ndio aliobadilisha. Wakamfunga mkononi utepe wenye jina la Uwase, wakampasua, wakampumzisha usiku mmoja. Kadi ilirudi kwenye droo kabla ya chakula cha jioni cha siku ya pili. Nyumbani alisema alilala kwa Joselyne, rafiki yake wa ghalani.

Kwa miezi kumi alijiambia hajamwibia mtu. Serikali ndiyo iliyolipa, na serikali ni kubwa. Hakuwaza hata mara moja kwamba wameandika tumboni mwa mtu mwingine.

Simu ikamtoa kwenye mawazo. Alikuwa Kamanzi, sauti ya injini nyuma yake. Ameacha tela katika yadi ya Lackawanna na anakuja na kichwa cha lori peke yake. Akauliza daktari amesema nini.

Hapa ndipo Mizero angeweza kusema. Alikuwa peke yake kwenye korido, hakuna aliyemsikia. Badala yake alijisikia akisema kwamba kuna makosa kidogo kwenye kompyuta, inaonekana kuna mtu alitibiwa Louisville kwa jina la Mama Gaju, kama walivyozoea kumwita Uwase kwa jina la mtoto wake.

Kamanzi alimkatiza.

"Mtu gani?"

"Sijui, kaka."

Ni mara ya pili ndani ya nusu saa. Kamanzi aliuliza ilikuwa lini na hospitali gani, naye akamwambia, maana hayo yalikuwa kwenye kompyuta, si siri. Kaka yake akasema sawa, endelea kumwangalia, na simu ikakatika.

Alirudi chumbani. Muuguzi alikuwa akimwuliza Uwase kwa ishara ni siku ngapi ameumwa. Uwase alinyoosha vidole vinne. Kwa nini hakuja mapema? Mizero alitafsiri swali, na jibu lilimchoma kuliko swali. Walipohamia Columbus mwezi wa sita, kadi ya Kentucky haikuvuka nao mto wa mpaka. Kila jimbo lina bima yake. Waliomba ya Ohio, wakaambiwa wangoje barua. Uwase alikuwa akingoja barua hiyo, huku akiwanyanyua wazee wa watu kutoka vitandani na tumbo linawaka moto.

"Niliona nitangoja tu kidogo," Uwase alisema. "Wasije wakatuletea bili ya kutumaliza."

Mizero alichukua kitambaa, akamfuta jasho. Kanisani Shively waliwahi kusikia habari za mtu aliyetumia kadi ya mwenzake akapelekwa mahakamani, na makaratasi yake ya ukaazi yakasimamishwa. Kama angesema, wangemshika yeye peke yake? Au wangesema na Uwase alimkopesha kadi? Kamanzi na mkewe walikuwa wamebakiza muda mfupi tu waombe uraia. Aliyapanga hayo yote kichwani mwake, moja baada ya jingine, na kila moja lilimpa sababu nzuri ya kunyamaza.

Kisha jambo la ajabu likatokea.

Uwase alinyoosha miguu. Akashusha pumzi ndefu, akafumbua macho.

"Imeacha," alisema. "Mizero, imeacha kuuma."

Muuguzi alitabasamu, akasema dawa imeanza kufanya kazi. Mizero alishika mdomo wake. Alitaka kupiga magoti pale pale. Mungu amemwona, Mungu amemfunika. Hatalazimika kusema neno. Jioni watarudi nyumbani, atapika ugali na sombe, majani ya muhogo ya kwao, na jambo hili litakufa.

Alikaa na furaha hiyo kwa muda usiozidi dakika mbili.

Ndipo yakamrudia maneno ya daktari aliyempasua yeye kule Louisville. Asubuhi baada ya upasuaji alimwambia ana bahati amewahi. Alimwonya kwamba kidole tumbo kikiuma siku nyingi, halafu maumivu yakakatika ghafla, mtu asifurahi. Kimepasuka. Usaha umemwagika tumboni. Baada ya hapo ni saa za kuhesabu.

Mtu pekee katika chumba kile aliyejua maana ya nafuu ya Uwase alikuwa Mizero, na aliijua kwa sababu ya wizi wake.

Hakumbuki alivyotoka. Anakumbuka korido, na daktari amesimama na kikombe cha kahawa mbele ya kompyuta, na mkono wake mwenyewe umemkamata daktari yule kwenye kiwiko.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi."

Daktari hakuelewa. Mizero alipandisha fulana yake ya ghala, pale pale mbele ya wauguzi na mzee mmoja aliyekuwa akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, akaonyesha makovu matatu, bado mekundu.

"Upasuaji wa Louisville ni huu. Nilitumia kadi yake na jina lake. Hajawahi kupasuliwa maisha yake yote. Zile alama zake ni za wembe, za utotoni. Na sasa maumivu yamekatika ghafla."

Hilo la mwisho ndilo lililomfanya daktari aweke kikombe chini. Hakumkemea, hakumwuliza kwa nini. Alikwenda mbio hadi chumbani, akaweka mkono juu ya tumbo la Uwase, na Mizero akauona uso wake ukibadilika. Tumbo lilikuwa limekaza kama ubao. Uwase alikuwa ameanza kutetemeka meno. Ndani ya robo saa alishapigwa picha, na picha ilionyesha kila kitu. Wakamsukuma kuelekea upasuaji kwa mwendo wa nusu mbio.

Mlangoni Uwase alimtafuta kwa macho. Mizero alitaka kusema samahani, lakini Kiswahili chote kilimkimbia, na Kinyamulenge, lugha ya nyumbani kwao, pia. Milango ikafungwa.

Walimkalisha katika chumba kidogo chenye sanduku la karatasi za kufutia machozi. Akaja mama mmoja mnene mwenye miwani, mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa hospitali. Alisema yeye si polisi, lakini kumbukumbu za mgonjwa lazima zisahihishwe, na ofisi inayohusika italazimika kuambiwa. Mizero alisema anaelewa. Alimweleza yote, tangu saa za ziada hadi droo. Mama yule aliandika, kisha akaacha kuandika.

Aliuliza kama Mizero alijua kwamba mtu anayeumwa vile akifika chumba cha dharura, hospitali haiwezi kumfukuza kwa kukosa bima. Wangempasua hata bila kadi, na baadaye angeweza kuomba asamehewe bili. Aliuliza pia kama alijua kwamba aliyepoteza Medikeidi alikuwa na siku sitini za kujiandikisha bima nyingine, na kwa mshahara wake serikali ingemchangia sehemu kubwa.

"Hakuna aliyeniambia," Mizero alisema.

Mama alisema kwa upole kwamba huwa wanaliandika katika barua ile ile, ukurasa wa tatu.

Mizero aliikumbuka barua. Ilikuwa na kurasa nne. Aliishia ukurasa wa kwanza, penye neno la kukoma.

Msomaji, kuna hatia ya mtu aliyetenda baya kwa sababu hakuwa na njia, na hiyo mtu anaweza kuibeba, akailalia, akaamka nayo. Mizero alikuwa ameibeba miezi kumi. Sasa alivuliwa hata hiyo. Njia ilikuwepo. Ilikuwa kwenye karatasi aliyoitupa mwenyewe.

Saa tisa alasiri daktari mpasuaji alitoka. Alisema kimepasuka, wamesafisha, imechukua muda. Mgonjwa yuko hai na atabaki hospitalini siku kadhaa. Kama wangeendelea kutibu figo na kumrudisha nyumbani, asingeiona Ijumaa. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetoa habari, na kwa hiyo ikaingia ndani zaidi.

Uwase alipozinduka, midomo imemkauka, Mizero alikuwa amekaa karibu na kichwa chake. Alilowesha kipande cha pamba, akamgusisha kwenye mdomo. Alikuwa ameyaandaa maneno yake kwa saa nzima.

"Mama Gaju, kuna kitu nilikutendea."

"Najua."

Mizero alidhani ni dawa za usingizi zinazozungumza. Akaanza upya, kadi, droo, Desemba.

"Bon, nisikilize," Uwase alisema kwa Kiswahili cha kwao Kongo, chenye Kifaransa ndani yake, sauti ndogo kama ya mtoto. "Ile mwezi wa kwanza walinipigia simu. Mwanamke moja, na mkalimani. Wakaniuliza, kidonda yako ya tumbo iko namna gani? Nikataka kusema sina kidonda. Halafu nikakuangalia. Ulikuwa unabeba ndoo ya nguo na mkono moja, mwingine umeshika tumbo."

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia inaendelea muzuri."

Mizero aliinamisha kichwa hadi kikagusa shuka. Miezi kumi aliyojiona amejificha, alikuwa anaonekana. Alikula meza moja na mtu anayejua, akasuka nywele za Gaju mbele ya mtu anayejua.

"Kwa nini hukuniuliza?"

Uwase alisema kwamba wiki ile ya Desemba alimsikia akitapika. Siku mbili usiku alimsikia. Alijiambia ni mwanamke mzima, ataomba msaada akitaka, akageuka akalala, kwa sababu alikuwa na zamu asubuhi. Baadaye aliposhika ile simu ya hospitali, akaelewa mwenzake alikuwa anakufa upande wa pili wa ukuta, aliona haya. Angemwuliza nini?

"Donc, sisi wote wawili," alisema.

"Hapana. Mimi." Mizero aliinua uso. "Na leo asubuhi? Daktari alipouliza, ulijua. Mbona ulinyamaza? Ulikuwa unakufa, Mama Gaju."

"Ningesema mimi, ningekuwa nimekushitaki." Uwase alifumba macho. "Nilikuwa nangoja useme weye. Nilijua hautaniacha nife."

Mizero alilikumbuka lile "sijui" lake, na akajua kwamba Uwase alilisikia, kwa Kiingereza chake kidogo alilisikia na kulielewa, na bado akaendelea kungoja.

"Usimwambie Papa Gaju," Uwase alinong'ona. "Si leo. Tutamwambia pamoja, nikipona. Kaka yako anajua kusamehe, lakini hajui kusamehe haraka."

Mlango ulifunguliwa.

Kamanzi alisimama pale na vumbi la safari, koti la kazi begani. Alikuwa amekuja kutoka Buffalo kwa saa tano na kidogo, na macho yake yalikuwa mekundu. Alikwenda moja kwa moja kitandani, akaweka paji lake la uso juu ya paji la mkewe. Aliponyanyuka alimshika dada yake mkono, akamshukuru kwa kuacha kazi, kwa kuja, kwa kukaa na mkewe kama mtoto wa mama mmoja. Kila shukrani Mizero aliipokea kama kofi.

Alimwuliza kama wauguzi wamemweleza chochote. Kamanzi alisema wamemwambia tu ni kidole tumbo, na kwamba kumbukumbu zisizo sahihi ziliwachelewesha kidogo, karibu zimwue. Hapo taya yake ilikaza.

"Lakini mimi sikukaa bure njiani," alisema. "Donc, mtu ameingia ndani ya jina ya bibi yangu, karibu anamuua, na mimi ninyamaze? Nilisimama Erie kuweka mafuta, nikapigia serikali ya Kentucky. Iko namba ya kushitaki watu wanaoiba bima. Nikawapa tarehe, nikawapa hospitali. Wameandika yote. Wanasema watatafuta makaratasi, na saini yake, na picha ya kamera ya mlangoni kama bado iko."

Chini ya shuka mkono wa Uwase ulimkamata Mizero kwenye kifundo cha mkono, kwa nguvu ambayo mtu aliyetoka kupasuliwa hakupaswa kuwa nayo.

Kamanzi hakuona. Alivuta kiti, lakini hakukaa.

"Wakaniuliza nani alikuwa anaishi na sisi Shively ile Desemba. Nikawapa jina yako, dada yangu, na namba yako, uwe shahidi wetu. Mtu wao anakuja kwako Jumatatu asubuhi. Weye umwambie tu kila kitu unachojua."

Kamanzi alimtazama mkewe, akamtazama dada yake, akarudi kwa mkewe.

"Mbona mnaniangalia hivyo?"

Mkono wa Uwase ulizidi kukaza. Mizero aliuondoa kidole kimoja kimoja, taratibu, akaulaza juu ya shuka. Kisha akasimama, akafunga mlango, na kumwomba kaka yake akae.